Stesheni ya Kisumu: Urithi Uliomo Vinywani

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali ambalo nililidhani kuwa jepesi: taruma ni nini? Darasa zima lilinyamaza. Mmoja alikisia kwamba ni mshtuko unaompata mtu baada ya ajali, akidhani nimelitamka vibaya neno la Kiingereza. Mwingine alisema ni jina la mtaa. Ajabu ni kwamba baadhi yao huvuka reli kila asubuhi wakija chuoni, na kila wavukapo huyakanyaga mataruma. Taruma ni lile gogo la mti, chuma au zege linalolazwa chini ya reli ili kuzishikilia zisitanuke.

Sikuwalaumu. Neno huishi maadamu kuna watu wanaolihitaji, na kizazi hiki hakijaihitaji reli kama walivyoihitaji baba na babu zao. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini mtu ataishikaje asili ambayo hajaonyeshwa? Swali hilo lilinirudisha nyuma miaka mingi, hadi kwenye stesheni ya Kisumu, ambako mimi mwenyewe nililisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Kila unapozuka mjadala kuhusu urithi wa stesheni zetu kongwe, watu huzungumzia majengo. Paa lipakwe rangi gani? Injini kuukuu ihifadhiwe wapi? Bendi ipi ipige siku ya ufunguzi? Hayo ni muhimu, nami siyapuuzi. Hata hivyo, ninadai kwamba sehemu kubwa ya urithi wa stesheni kama ya Kisumu haimo katika matofali wala mabati. Imo vinywani mwa watu, katika maneno yaliyoletwa, yaliyobuniwa na yaliyogeuzwa maana na waliofanya kazi hapo. Tena urithi huo hauna paa la kuuzuia mvua. Mzee mmoja akifariki, hufariki nao.

Kwanza tuikumbuke historia yenyewe, maana wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha huisahau. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, na mnamo Desemba 1901 ikafika ufuoni mwa Ziwa Viktoria, takriban maili 580 kutoka Mombasa. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 miongoni mwao walifia kazini kwa maradhi na ajali. Hao wote hawakuliwa na simba wa Tsavo, kama watoto wengi wanavyodhani! Homa, kuhara na vidonda viliua watu wengi zaidi ya simba.

Jambo moja hushangaza kila ninapolitaja darasani. Siku reli ilipofika Kisumu, mahali hapo palihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ilikuwa mwaka uliofuata, 1902, ndipo serikali ya kikoloni ilipolihamisha eneo hilo na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hivyo jina Reli ya Uganda halikuwa kosa. Reli ilifika Uganda hasa, kisha Uganda ikasogezwa.

Kituo hicho cha mwisho kilipewa jina la Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Bibi huyo alifuatana na mumewe kambi baada ya kambi, na ndiye aliyepewa heshima ya kupigilia msumari wa mwisho. Lakini wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani, ambalo wengi hulieleza kuwa latokana na mahali pa kubadilishana chakula wakati wa uhaba. Watu wa huku walileta nafaka, wa kule wakaleta walichokuwa nacho. Jina la Port Florence lilidumu miaka michache tu, likabaki katika vitabu na ramani za kale. Kisumu likadumu. Mwanaisimu hufurahia ushindi wa namna hii: mkoloni alikuwa na injini, meli na bunduki, lakini soko lilikuwa na wasemaji wengi zaidi.

Kipande cha mwisho cha njia, kutoka kilele cha Mau hadi uwanda wa ziwa, kilikuwa kigumu mno. Reli ilipaswa kushuka zaidi ya mita elfu moja kupitia mabonde ya Londiani, Kipkelion na Fort Ternan. Yalihitajika madaraja marefu 27 ya chuma, ambayo vipande vyake vilitengenezwa Marekani, vikasafirishwa kwa meli na kuunganishwa papo hapo mabondeni. Isitoshe, Wanandi hawakukubali njia hiyo ipite karibu na ardhi yao kimyakimya. Mapokeo yao yasema kwamba Kimnyole, Orkoiyot wao, alikuwa ametabiri ujio wa nyoka atemaye moshi. Walizichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, wakafanyiza mapambo na silaha. Upinzani wao uliendelea hadi 1905, Koitalel arap Samoei alipouawa katika mkutano ulioitwa wa amani, na jamii ikahamishwa mbali na reli. Msafiri anayeteremka bonde hilo akitazama mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil hana budi kujua kwamba anapita juu ya ardhi iliyogombewa kwa damu.

Sasa tuje kwenye lugha. Kuna kauli maarufu kwamba reli ndiyo iliyoleta Kiswahili magharibi mwa Kenya. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kiswahili kilitangulia reli. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikifika kwa Nabongo wa Wawanga, huko Mumias, kabla taruma moja halijalazwa. Hata meli William Mackinnon, iliyoshushwa ziwani Kisumu mwaka 1900, ilitangulia reli. Ilisafirishwa vipande vipande, sehemu kubwa ya safari ikiwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Hebu fikiri, msomaji: meli iliyopanda milima kwa miguu! Na wapagazi waliobeba mizigo ya namna hiyo hawakuamrishana kwa Kiingereza.

Tofauti ni hii. Kiswahili cha msafara kilikuwa cha wachache waliopita. Kiswahili cha reli kilikuwa cha wengi waliobaki. Reli ilipofika, Mumias ilianza kufifia na Kisumu ikachipuka. Stesheni ilihitaji makarani, mafundi, wapakiaji, wapishi, walinzi na watu wa genge wa kukarabati njia. Mjaluo, Mluhya, Mkamba, Mgoa, Mpunjabi na Mswahili wa Mombasa walijikuta katika ua mmoja, wakilipwa na ofisi moja, wakisubiri garimoshi lile lile. Walihitaji lugha, nayo lugha waliyokuwa nayo karibu ilikuwa moja.

Ukiyachunguza maneno ya stesheni, utayaona yamepangana kama matabaka ya udongo ukingoni mwa mto. Tabaka la chini ni la msafara. Neno kituo latokana na kutua, yaani kuweka chini mzigo. Kituo kilikuwa mahali ambapo mpagazi alipumzisha shingo yake. Mnyapara naye alikuwa kiongozi wa wapagazi katika misafara ya Wanyamwezi. Reli ilimkuta njiani ikampa genge la kusimamia, na huko magengeni akapata ile sifa yake ya ukali.

Juu yake kuna tabaka la bahari. Taruma, lile neno lililowashinda wanafunzi wangu, halikuzaliwa na reli. Mafundi wa pwani walilitumia kwa vipande vya mbao vinavyokaza chombo kwa ndani kisipasuke ubavu. Mtu fulani asiyejulikana, aliyepata kuiona jahazi ikiundwa, aliyatazama magogo yaliyolazwa mkabala chini ya reli akaona mbavu za chombo. Behewa nalo, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa ukumbi au chumba cha kuhifadhia vitu kabla halijapewa magurudumu.

Tabaka la tatu ni la Bara Hindi. Gari lenyewe latoka huko, nasi tukaliongezea moshi. Kutoka huko pia tulipata landi, zile nyumba za safu walimokaa wafanyakazi, ambazo hadi leo zimeacha jina lao katika mtaa wa Landi Mawe, Nairobi. Juu kabisa ni tabaka la Kiingereza: stesheni, reli, tikiti, injini, gadi, fayamani. Kila neno lilivuliwa konsonanti zilizobanana au likatiwa irabu mwishoni, likaketi katika ngeli yake bila ya kuomba ruhusa ya kamati yoyote.

Wapo wanaokidharau Kiswahili hicho. Wataniambia, na kwa haki, kwamba hakikuwa Kiswahili cha washairi wa Lamu na Mombasa. Upatanisho wa ngeli ulilegea. Wakubwa walikitumia kwa kuamrisha tu: lete, ngoja, toka, na ndicho kilichoitwa Kisetla. Stesheni yenyewe ilikuwa imegawanyika kwa rangi. Mzungu alisafiri daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika akajazwa katika la tatu. Lugha ya daraja la kwanza ilikuwa ikishuka chini, na haikutarajia jibu refu kuliko "ndiyo, bwana."

Lakini tusisikilize upande mmoja wa ukuta. Bwana mkubwa alipokwisha kuondoka, watu wa genge walibaki na lugha ile ile, wakaifanyia mambo ambayo yeye hakuyatarajia. Waliitumia kutaniana, kuposa, kuzika, kukopeshana, kulalamikia mshahara na, hatimaye, kuunda vyama vya wafanyakazi. Lugha iliyoletwa kwa amri iligeuka kuwa ya majadiliano. Ni kosa kubwa kuipima kwa sarufi yake pekee bila ya kuitazama kazi iliyoifanya.

Hayo siyasemi kwa kusoma vitabu tu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa genge. Mapema miaka ya 1930 reli ilirefushwa kutoka Kisumu kupitia Luanda na Yala hadi Butere, na ni katika tawi hilo alikoanzia kazi alipokuwa kijana, miaka mingi baadaye. Alimalizia katika karakana ya Kisumu. Nilipokuwa mtoto tulisafiri kwenda kumwona kwa garimoshi la usiku kutoka Nairobi. Asubuhi ilitukuta uwandani, madirisha yameteremshwa, akina mama wamejipanga chini wakiuza mahindi ya kuchemsha na ndizi mbivu, na harufu ya viwanda vya sukari ikituarifu kwamba Kisumu si mbali.

Babu alikuwa akitungoja stesheni, ingawa alikuwa amekwisha kustaafu. Hakuniruhusu kuondoka kabla ya kunionyesha kazi za watu. Mara nyingi tulimtazama mtu aliyekuwa akipita ubavuni mwa mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akiligonga kila gurudumu na kutega sikio. "Gurudumu zima hulia," babu aliniambia, "lenye ufa hukohoa." Alikuwa na neno moja la Kiswahili la kumtajia mtu huyo. Halikuwa la Kiingereza, nami nililisikia mara nyingi.

Leo silikumbuki.

Nimelitafuta neno hilo katika kila kamusi niliyo nayo. Nimewauliza wazee watatu waliofanya kazi relini. Mmoja alinipa maelezo marefu, wa pili akanipa neno la Kiingereza, wa tatu akacheka akasema alilijua lakini limemtoroka. Miaka niliyokuwa nikitafuta shahada yangu ya uzamifu nilizunguka vijijini na kinasa sauti, nikirekodi lahaja za watu nisiowajua. Sikupata hata siku moja kukiweka kinasa sauti hicho mezani kwa babu. Niliwahi kumwahidi. Akanicheka: "Mwalimu, haya maneno ya reli yatakufaa nini?" Nilijiambia kwamba ningerudi likizo ifuatayo. Likizo hiyo ilinikuta nikimzika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo lililoumia ni langu.

Kwa nini nakutwisha msiba wangu, msomaji? Kwa sababu nadhani si wangu peke yangu. Kisumu yenyewe imepitia mageuzi ambayo kila moja liliondoka na watu wake. Mwaka 1931 njia kuu iliyopitia Eldoret ilifika Kampala, na Kisumu, iliyokuwa mwisho wa safari zote, ikawa mwisho wa tawi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika moja la reli likagawanyika mara tatu. Watu waliokuwa wakihamishwa kati ya Kisumu, Tabora na Kampala wakarudishwa kila mmoja kwao. Kuanzia 2006 hadi 2017 reli iliendeshwa na kampuni ya kibinafsi. Katika kipindi hicho garimoshi la abiria la Kisumu lilikoma, majani yakaota kati ya mataruma. Desemba 2021, baada ya njia kukarabatiwa, lilirudi tena na watu wakajaa stesheni kulishangilia. Niliwaona katika picha vijana waliokuwa wakipanda garimoshi kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Furaha hiyo ilikuwa na upande wa pili. Februari mwaka huo huo, nyumba za jamii ya Wanubi wa Kibos, maili chache kutoka stesheni ya Kisumu, zilibomolewa usiku kwa hoja kwamba zilisimama kwenye ardhi ya reli. Wanubi hao ni wazawa wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la kikoloni, na walikuwa wameishi Kibos kwa vizazi kadhaa. Lugha yao, Kinubi, iliyojengeka juu ya Kiarabu, ni miongoni mwa lugha zinazochunguzwa mno na wanaisimu ulimwenguni. Ukiisafisha njia kwa kuwaondoa watu wanaoikumbuka, umehifadhi chuma ukatupa urithi.

Kuna jambo jingine dogo linalonipa matumaini na tabasamu. Tangu reli mpya ya kisasa ilipofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, magazeti na watangazaji wetu hupendelea kusema kituo badala ya stesheni. Pengine wanadhani wamebuni istilahi mpya. Kumbe wamerudi kwa mpagazi, wakaweka mzigo chini pale pale alipouweka yeye. Lugha ina kumbukumbu ndefu kuliko wasemaji wake, ili mradi isikatwe mizizi.

Basi tufanye nini? Sipendekezi kamati wala mnara. Nairobi tayari ina jumba la makumbusho ya reli tangu 1971, nalo lastahili kutembelewa. Ninachokipendekeza kinahitaji daftari na masikio. Wenzangu walimu wa Kiswahili, mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watoke darasani wakafanye utafiti katika jamii. Wapelekeni stesheni iliyo karibu nanyi, iwe ni Kisumu, Nakuru, Voi au Luanda. Wakisha kutazama jengo, watafuteni wastaafu. Kila mwanafunzi aandike maneno kumi ya kazi kutoka kinywani mwa mzee mmoja: neno, maana yake, na sentensi ambayo mzee mwenyewe ameitumia. Msiwasahihishe wazee ngeli zao. Andikeni kama walivyosema.

Walimu wa historia nao waungane na wa lugha. Mwanafunzi anayejua kwamba mnyapara alitoka msafarani, kwamba taruma lilitoka jahazini na kwamba landi lilivuka bahari pamoja na wajenzi, huyo amekwisha kujifunza historia ya Afrika Mashariki bila ya kukariri tarehe. Nanyi wanafunzi, msingoje kutumwa na mwalimu. Yamkini nyumbani kwenu yuko babu, nyanya au mjomba aliyepata kula mshahara wa reli. Simu mlizo nazo mifukoni zina kinasa sauti kilicho bora kuliko kile nilichokuwa nikikibeba mimi begani. Mkimkuta mzee huyo ameketi kivulini, kaeni naye. Muulizeni aliamka saa ngapi, alivaa nini, alimwitaje mkubwa wake alipokuwa mbele yake, na alimwitaje alipokwisha kuondoka.

Na iwapo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu kuna mtu anayelijua lile neno la mtu wa nyundo, yule aliyeligonga gurudumu akasikiliza kama linalia au linakohoa, namwomba kwa unyenyekevu aniandikie. Nitaliingiza katika mafunzo yangu ya muhula ujao, na chini yake nitaliandika jina la babu.